Mratibu Huyu Anamtumikia Nani?

Mazungumzo ya leo yanahusu mgongano wa maslahi katika kuchagua watoa huduma kwa watu wenye ulemavu, yaani hali ambayo mtu aliyekabidhiwa jukumu la kumshauri mwingine ana faida yake mwenyewe, au ya kampuni yake, au ya ndugu yake, inayoweza kuuvuta ushauri huo upande usio wa yule anayeshauriwa. Jambo la kushikwa tangu mwanzo, ambalo litarudiwa kwa makusudi kabla ya kipindi kumalizika, ni kwamba mgongano wa maslahi si wizi wala si tuhuma dhidi ya tabia ya mtu. Ni mahali alipowekwa na kazi yake, na mwadilifu anaweza kujikuta hapo sawasawa na mdanganyifu.

Yafaa kwanza kuueleza mfumo unaohusika. Australia ina Mpango wa Taifa wa Bima ya Ulemavu, unaojulikana na wengi kwa herufi zake nne, NDIS, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2013 na kuanza kwa majaribio katika maeneo machache Julai mwaka huohuo kabla ya kusambazwa nchi nzima. Kabla ya hapo, kwa sehemu kubwa, fedha za serikali zilipewa mashirika, na mtu mwenye ulemavu alipokea kile ambacho shirika la eneo lake lilikuwa nacho, kikimfaa au kisimfae. NDIS iliugeuza utaratibu huo: fedha zikatengwa kwa jina la mtu mwenyewe, na sheria ikamtambulia haki ya kuchagua nani amhudumie na kwa namna gani. Anayeomba kuingia anapaswa awe hajatimiza miaka 65, na awe raia, mkazi wa kudumu, au mwenye aina fulani ya viza inayolindwa na sheria. Kwa hiyo familia zilizofika kwa viza za kudumu za wakimbizi, wakiwemo wengi waliotoka Kongo na Burundi wakipitia kambi za Tanzania na Kenya, nazo zinaweza kuomba. Aliyekubaliwa huitwa mshiriki, na hupewa mpango, yaani hati inayoonyesha ni fedha kiasi gani zimetengwa na kwa mahitaji yapi.

Fedha za mpango husimamiwa kwa njia tatu: na wakala wa serikali anayeendesha NDIS, na mshiriki mwenyewe, au na msimamizi wa fedha, ambaye ni kampuni iliyosajiliwa kupokea ankara, kuzihakiki na kuzilipa. Anayesimamiwa na wakala hutumia watoa huduma waliosajiliwa peke yao, ilhali wale wa njia nyingine mbili wanaweza, kwa huduma nyingi, kumtumia hata asiyesajiliwa. Pamoja na hayo, baadhi ya mipango huwa na fungu la kumlipa mratibu wa huduma, ambaye kazi yake ni kumsaidia mshiriki auelewe mpango wake, kumtafutia watoa huduma, kumlinganishia bei na ubora wao, kumsaidia kufunga mikataba na kumsemea pale huduma zinapolegalega. Kwa mtu ambaye Kiingereza chake bado ni cha dukani na cha kwenye basi, mratibu huyu ndiye mlango wa kuingilia, na pengine ndiye mtu pekee katika mfumo mzima ambaye familia inalijua jina lake.

Je, mratibu huyo anamtumikia nani?

Wasikilizaji waliowahi kutafuta chumba Dar es Salaam au Nairobi wanamjua dalali anayemzungusha mteja mtaa mzima, akimwonyesha nyumba mbovu moja baada ya nyingine, kisha akamfikisha jioni kwenye nyumba ya mtu ambaye tayari amekwisha kumwahidi chake. Mratibu anaweza kuwekwa mahali pa dalali huyo bila hata kutaka, pale anapokuwa ameajiriwa na kampuni ileile inayotoa wahudumu wa kila siku. Bei za juu zinazoruhusiwa katika NDIS hupangwa na kutangazwa upya kila mwaka, na katika miaka ya karibuni saa moja ya mratibu wa ngazi ya kawaida imekuwa na ukomo wa karibu dola 100, huku saa moja ya mhudumu anayemsaidia mtu kuoga, kula au kutoka nje mchana wa siku ya kazi ikiwa na ukomo wa karibu dola 70. Mratibu akifanya kazi saa tano kwa mwezi, kampuni yake inapata dola 500. Lakini akimpeleka mshiriki huyohuyo kwa wahudumu wa kampuni hiyohiyo kwa saa 20 kila wiki, kampuni inapata dola 1,400 kwa wiki, ambazo kwa mwaka zinapita dola 70,000. Hakuna haja ya kumdhania mratibu mabaya. Hesabu hiyo peke yake inatosha kueleza kwa nini jina la kampuni yake litakuwa la kwanza kumjia mdomoni.

Wengi hudhani kwamba madhara ya hali hiyo huishia siku ya kuchagua, lakini ukweli ni kwamba makubwa zaidi huja baadaye. Mhudumu anapochelewa kila asubuhi, au anapokaa na simu sebuleni huku mzee akisubiri kubadilishwa nguo, familia hutarajiwa kumwambia mratibu, naye hutarajiwa kumbana mtoa huduma. Sasa mtoa huduma akiwa ni mwajiri wa mratibu, na mhudumu akiwa ni mwenzake anayekula naye chakula cha mchana, atambana nani? Lalamiko hugeuka kuwa ushauri wa kuvumilia, na familia huambiwa kwamba wahudumu ni wachache, kwamba kubadilisha kutachukua miezi, kwamba afadhali ya hapa. Huenda hayo yote ni kweli. Tatizo ni kwamba familia haina njia ya kujua, kwa sababu anayeisemea ndiye huyohuyo anayelalamikiwa kwa mkono wa mwajiri wake.

Hali kama hiyo hujitokeza kwa msimamizi wa fedha ambaye kampuni yake inatoa pia tiba au wahudumu, maana hapo anayeandika ankara na anayeihakiki wako chini ya paa moja. Hujitokeza vilevile kwa mtaalamu anayeandika ripoti ya kupendekeza kiti cha magurudumu cha aina fulani, kumbe duka linalokiuza ni la mumewe. Hata hivyo, pahali ambapo mgongano huuma zaidi ni nyumbani, kwa maana halisi ya neno hilo, yaani katika zile nyumba ambamo watu kadhaa wenye ulemavu huishi pamoja wakihudumiwa usiku na mchana. Kampuni moja inapokuwa mwenye nyumba na wakati huohuo mtoa huduma, mkazi anayetaka kubadilisha wahudumu anajikuta akihatarisha kitanda chake, na ni watu wachache wanaoweza kulalamika kuhusu chakula cha jioni ikiwa gharama ya lalamiko hilo ni kuhama. Tathmini huru ya NDIS, iliyoongozwa na Bruce Bonyhady na Lisa Paul na kutangazwa Desemba 2023, ilipendekeza kwamba makazi na huduma vitenganishwe, asiwe mtu mmoja anayeshika vyote viwili. Pendekezo ni pendekezo tu, na mkazi wa leo bado anapaswa kuusoma mkataba wake.

Baada ya kuutazama mfumo kwa ujumla, mazungumzo haya yageukie jamii yenyewe ya wazungumzaji wa Kiswahili nchini Australia, ambako mgongano wa maslahi huvaa sura ya undugu na kwa sababu hiyo ni vigumu zaidi kuutambua. Baadhi ya kampuni za huduma zimeanzishwa na wahamiaji wenyewe, na hilo ni jambo la kujivunia, kwa kuwa mhudumu anayejua kusonga ugali, anayejua kwamba mama mkwe haogeshwi na kijana wa kiume, na anayeweza kuzungumza na mgonjwa kwa lugha aliyoizoea, anatoa huduma ambayo shirika kubwa lenye ofisi ya ghorofa linashindwa kuitoa. Lakini ichukuliwe familia yenye mtoto mwenye mtindio wa ubongo, iliyofika miaka miwili tu iliyopita, ambayo mzee wa kanisa au kiongozi wa jumuiya aliyeipokea uwanja wa ndege, akaitafutia nyumba na kuwaandikisha watoto shule, ndiye pia mwenye kampuni ya huduma. Siku mpango wa mtoto unapotoka, anafika na karatasi na kusema, "Dada, sisi ni ndugu. Usihangaike na watu usiowajua. Weka sahihi hapa, mengine niachie mimi." Naye mama anajibu, "Sawa kaka, Mungu akubariki." Hakuna aliyedanganya hapo. Hata hivyo, uamuzi uliopaswa kufanywa kwa kulinganisha umefanywa kwa shukrani, na kuanzia siku hiyo kumwambia kaka kwamba huduma hairidhishi kutaonekana kuwa ni utovu wa adabu, tena mbele ya jumuiya nzima.

Msikilizaji atauliza, je, basi watu wawakimbie watu wao? La, hasha. Kinachotakiwa ni kutenganisha kofia. Kaka anayeitakia familia mema anaweza kubaki kaka, na kampuni yake inaweza kuchaguliwa, ili mradi yeye asiwe ndiye anayemweleza mama huyo haki zake, asiwe mratibu wake, na asiwe ndiye mkalimani siku wakala wa serikali anapokuja kupitia mpango. Dalili moja ya mtoa huduma mwaminifu ndani ya jamii ni kwamba yeye mwenyewe ndiye hutangulia kusema kwamba ana kampuni, kwamba atafaidika akichaguliwa, na kwamba familia izungumze kwanza na kampuni nyingine mbili tatu kabla ya kumjibu. Anayekasirika kwa kuombwa muda wa kufikiri amekwisha kujibu swali ambalo halijaulizwa.

Suala la mkalimani linastahili kukaziwa, kwa sababu linapuuzwa mno. Mkalimani anayeletwa na mtoa huduma, au mfanyakazi wa kampuni anayejitolea kutafsiri, hawezi kuhesabiwa kuwa sikio la familia, hata akiwa ni mtu wa kabila moja na wa kijiji kimoja. Huduma ya taifa ya ukalimani ya serikali, inayojulikana kama TIS, hupatikana kwa simu namba 131 450, na mshiriki wa NDIS hatozwi fedha za mpango wake kwa kuitumia anapopanga huduma zake. Mkalimani mtaalamu anafungwa na maadili ya kutunza siri na ya kutoegemea upande wowote, mambo mawili ambayo binamu mwenye nia njema hafungwi nayo.

Kuna pia mwakilishi wa mshiriki, yaani mtu anayeteuliwa rasmi kumwamulia au kushughulikia mpango wa mshiriki asiyeweza kufanya hivyo mwenyewe, na mara nyingi huwa ni mzazi, mke, mume au mtoto mkubwa. Kanuni za mwaka 2013 zinazowahusu wawakilishi zinawapa wajibu wa kuepuka mgongano wa maslahi au kuushughulikia unapotokea. Mtoto mkubwa aliyeajiriwa na kampuni inayomhudumia baba yake, na ambaye ndiye pia anayeidhinisha saa za kampuni hiyo, amesimama mahali pabaya hata kama anampenda baba yake kuliko mtu yeyote duniani.

Wataalamu huugawa mgongano wa maslahi katika aina tatu. Upo ulio halisi, ambapo faida binafsi inagongana na wajibu sasa hivi. Upo unaoweza kutokea, ambapo mambo hayajagongana ila yakiendelea hivyo yatagongana. Na upo unaoonekana tu, ambapo hakuna faida yoyote lakini mtu wa nje akitazama angeshuku kwa haki. Aina zote tatu hutakiwa kutajwa. Tume ya Ubora na Ulinzi ya NDIS, iliyoanza kazi Julai 2018, inasimamia kanuni za maadili zinazomtaka kila mtoa huduma na kila mfanyakazi, aliyesajiliwa na asiyesajiliwa, kutenda kwa uadilifu, kwa ukweli na kwa uwazi, na watoa huduma waliosajiliwa wanatakiwa zaidi ya hapo kuwa na utaratibu wa kuutangaza na kuushughulikia mgongano wa maslahi. Kwenye mikataba mingi tangazo hilo lipo, limeandikwa kwa Kiingereza cha kisheria karibu na ukurasa wa mwisho, lina kisanduku cha kutia alama, na kwa kawaida alama imekwisha kutiwa kabla karatasi haijafika mezani kwa mshiriki. Tangazo ambalo anayehusika hakulielewa halijatangaza kitu.

Haki inataka isemwe pia kwamba yako mazingira ambamo mgongano hauepukiki. Katika miji midogo ya mbali, mamia ya kilomita kutoka pwani, kampuni inaweza kuwa moja tu, na ndiyo itakayoratibu na ndiyo itakayohudumia. Vivyo hivyo, familia inayomtaka mhudumu mwanamke, Mwislamu, anayezungumza Kiswahili, katika mji wenye wazungumzaji wachache, inaweza kukuta mlango mmoja tu uliofunguka. Kuuchagua mlango huo si kosa. Kosa ni kuuchagua bila kuambiwa kwamba mwenye mlango ndiye pia mshauri, na bila kuwekewa kwa maandishi njia ya kutokea.

Kwa hiyo, msikilizaji anayekaribia kuweka sahihi na aulize mambo machache, tena ayaulize mbele ya mkalimani asiyelipwa na kampuni inayotaka kazi. Mratibu ameajiriwa na nani, na je, kampuni hiyo, au ya ndugu yake, inatoa huduma nyingine? Anapata chochote akimpeleka mshiriki kwa kampuni hii badala ya ile? Ni kampuni zipi nyingine alizozitazama, na kwa nini alizikataa? Mshiriki akitaka kubakiza huduma na kubadilisha mratibu, au kubakiza nyumba na kubadilisha wahudumu, nini kitatokea, na notisi ni ya siku ngapi? Majibu yaandikwe. Mratibu mzuri hujibu maswali hayo bila jasho, kwa kuwa ameyazoea. Na jina moja tu linapotajwa kila mara familia inapouliza, iwe kwa tiba, kwa usafiri au kwa vifaa, hilo ni jambo la kusimama na kulitazama upya.

Kuhusu zawadi, maneno machache yatatosha. Kompyuta ndogo, simu, kapu la chakula la kila wiki, au fedha taslimu anazoahidiwa mtu kwa kumleta rafiki mwenye mpango, vyote hulipwa kutoka mahali fulani, na mahali hapo kwa kawaida ni mpango wa mshiriki mwenyewe, ambao utaisha kabla ya mwaka kwisha huku saa zilizolipiwa zikiwa hazikufanyika. Mtoa huduma anayeomba neno la siri la akaunti ya mshiriki kwa madai ya kumrahisishia mambo, naye anyimwe.

Lile lililoahidiwa kurudiwa ni hili: kumwambia mtu kwamba ana mgongano wa maslahi si kumwita mwizi. Ni kumwomba ataje mahali aliposimama, ili anayeshauriwa ajue ushauri huo aupokee kwa uzito gani. Jamii itakapozoea kuliuliza swali hilo kwa utulivu, na wenye kampuni wakazoea kulijibu bila kununa, mama aliyefika juzi ataweza kusema "ngoja kwanza nilinganishe" bila kuonekana amekosa shukrani.

Mshiriki ambaye tayari amefungwa katika mkataba wa namna hii ana haki ya kubadilisha mratibu au mtoa huduma kwa kufuata notisi iliyoandikwa, na hahitaji ruhusa ya kampuni anayoiacha. Malalamiko kuhusu mtoa huduma yeyote, awe amesajiliwa au la, hupokelewa na Tume ya Ubora na Ulinzi ya NDIS kwa simu namba 1800 035 544; kulalamika hakulipiwi, mkalimani huombwa palepale kwenye simu, na anayehofia jumuiya yake anaweza kulalamika bila kutaja jina.